Althea Gibson: vikombe vingi, mufuko mutupu



Mutu akishinda, magazeti yanaandika jina lake. Akianza kushindwa, jina linaondoka mu gazeti, lakini mutu mwenyewe anabaki: anakula, analipa nyumba, anazeeka. Leo tunawaletea maisha ya Althea Gibson, mwanamuke mweusi wa Marekani mwenye alikufa mu mwaka wa 2003. Wengi wanamujua juu ya tenisi, sababu njo yeye mutu mweusi wa kwanza kushinda ku mashindano makubwa ya Paris, ya Wimbledon na ya Marekani. Hayo yote tutayaeleza. Lakini tutakaa sana ku miaka yenye ilifuata, wakati alikuwa muchezaji wa golfu wa malipo kidogo, akazunguka inchi yote ya Marekani karibu miaka 15 bila kushinda hata mara moja. Tunafikiri mule njo munaonekana vizuri alikuwa mutu wa namna gani.

Mutoto wa shamba la pamba

Althea alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka wa 1927, ku Silver, kijiji kidogo cha jimbo la South Carolina. Baba yake Daniel na mama yake Annie walikuwa wanalima pamba, lakini shamba halikuwa lao. Walilima udongo wa mwenyewe, kiisha mavuno inagawanywa. Ukitosha deni ya mbegu na ya chakula, mwaka muzima wa jasho uliacha kidogo sana, ao hauachi kitu. Watu wa kazi wanaijua hesabu ya namna hii, yenye kila mara inaishia ku deni.

Mu mwaka wa 1930, wakati taabu ya feza ilikuwa imeingia mu dunia yote, jamaa ilihamia Harlem, kartie ya watu weusi mu muji wa New York. Althea alikuwa mukubwa kati ya watoto watano. Walikaa ku barabara ya 143. Muchana polisi walikuwa wanaifunga ile barabara, motokari zisipite, watoto wapate pa kucheza. Pale njo alianza na tenisi ya kibao: kiwanja kifupi, na pahali pa raketi mutoto anashika kibao cha muti. Mu mwaka wa 1939, akiwa na miaka 12, alikuwa shampioni wa muchezo huo mu muji wote.

Hatutaki kumupamba. Hakuwa mutoto mwepesi kulea. Alikimbia masomo, akapenda sinema na barabara kuliko darasa, na ku miaka 13 akaacha kabisa. Baba yake alimufundisha kupigana ngumi, tena alikuwa anamupiga sana. Kulikuwa siku zenye aliogopa kurudi nyumbani, akaenda kulala mu nyumba yenye kulinda watoto wenye kuteswa. Alipata kazi ndogo ndogo, akaziacha moja moja. Mutu mwenye angemuona wakati ule, pengine angesema: huyu amekwisha kupotea.

Muchango wa majirani

Mutu mwenye alimuona kwa jicho lingine alikuwa Buddy Walker, mwenye kuangalia michezo ya watoto mu ile barabara. Alimutafutia raketi ya kweli. Kiisha, mu mwaka wa 1940, watu wa kartie walichanga feza ili Althea aingie mu Cosmopolitan, klabu ya tenisi ya watu weusi wenye kujiweza kidogo. Tufikiri vizuri jambo hili. Watu wa Harlem hawakuwa matajiri. Walitosha ku kidogo yao juu ya mutoto wa mwingine, mutoto wa fujo, mwenye hakuna aliyejua atafika wapi.

Kule klabu mwalimu wake alikuwa Fred Johnson, mwanaume mwenye mukono mumoja tu. Na ule mukono mumoja alimufundisha kutupa mupira, kuupiga, na kusimama vizuri mu kiwanja. Mwaka wa 1941 Althea alishinda mashindano yake ya kwanza.

Wakati ule tenisi ya Marekani ilikuwa nyumba mbili. Kulikuwa chama kikubwa cha wazungu, chenye kushika mashindano yote ya maana, na mulango wake ulikuwa umefungwa kwa watu weusi. Njo maana mu mwaka wa 1916 watu weusi walitengeneza chama chao, American Tennis Association, wakapanga mashindano yao wenyewe. Wazee wetu wa Élisabethville, wenye walijua cité ni ya nani na ville ni ya nani, hawahitaji tuwaeleze zaidi.

Mu mwaka wa 1946 Althea alifika ku mechi ya mwisho ya wanawake wa chama hicho, akashindwa. Lakini siku ile waganga wawili weusi walikuwa wanaangalia: munganga Hubert Eaton wa Wilmington na munganga Robert Walter Johnson wa Lynchburg. Waliona nguvu ya yule binti, wakaona tena kama hana masomo. Wakamuletea shauri. Wakati wa masomo atakaa nyumbani mwa Eaton, wakati wa likizo atakaa kwa Johnson, na wote wawili watamulipia na kumufundisha tenisi. Lakini lazima arudi ku masomo.

Althea alikuwa na miaka 19. Kukaa ku banki ya shule pamoja na watoto wadogo kuliko wewe si kitu chepesi, hasa kwa mutu mwenye alizoea uhuru wa barabara. Alikubali. Alimaliza masomo ya sekondari mu mwaka wa 1949, akapata nafasi ya bure ku chuo kikuu cha Florida A&M. Na kuanzia 1947 alikuwa shampioni wa wanawake weusi miaka 10 yenye kufuatana. Tuongeze kama yule munganga Johnson njo alilea vilevile Arthur Ashe, mwenye alikuja kushinda Wimbledon mu 1975.

Siku ya radi

Kuwa wa kwanza mu nyumba ya weusi hakukutosha kufungua mulango wa nyumba ingine. Mu mwaka wa 1950 mwanamuke mumoja muzungu, Alice Marble, shampioni wa zamani, aliandika mu gazeti la tenisi na kuwapigia wakubwa wa chama haya: kama Althea anafaa, acheni acheze; kama hafai, ashindwe mu kiwanja, si ku mulango. Ilikuwa maneno makali kwa wakati ule. Mwezi wa 8 mulango ulifunguliwa. Althea akaingia mu kiwanja cha Forest Hills, mutu mweusi wa kwanza mu mashindano hayo makubwa ya Marekani.

Alishinda mechi ya kwanza. Ya pili alikutana na Louise Brough, mwenye alikuwa ametoka kushinda Wimbledon. Seti ya kwanza Althea akapoteza 6-1. Ya pili akashinda 6-3. Mu ya tatu alikuwa mbele 7-6, amebakiza kidogo sana, wakati mvua kubwa ilianguka. Radi ikapiga sanamu ya tai ya mawe yenye ilikuwa juu ya kiwanja, ikaangusha chini. Mechi ikasimama mupaka kesho yake. Usiku ule muzima alikaa na mawazo yake, na asubui Brough akachukua michezo mitatu yenye kufuatana, akashinda 9-7.

Kiisha hapo watu wengi walifikiri mwaka kesho atashinda. Haikuwa vile. Mu 1951 alicheza Wimbledon, mutu mweusi wa kwanza kufika pale, lakini hakushinda. Miaka ikapita, 1952, 1953, 1954, na yeye yuko pahali pamoja. Alimaliza chuo kikuu, akaenda kufundisha michezo ku chuo cha Lincoln mu jimbo la Missouri. Mushahara ulikuwa mudogo. Alifikiri hata kuacha tenisi na kuingia mu jeshi. Tunasema hivi sababu wengi wanadhani mutu mukubwa anapanda ngazi bila kusimama. Althea alisimama karibu miaka mitano mu ngazi ile ile.

Miaka mitatu ya utukufu

Mu mwisho wa mwaka wa 1955 serikali ya Marekani ilimutuma pamoja na wachezaji wengine watatu kuzunguka Asia: Birmania, India, Pakistan, Ceylon. Serikali ilitaka dunia ione kama mutu mweusi ana nafasi ku Marekani, wakati kule kwao South Carolina mutu mweusi alikuwa bado anakaa nyuma ya basi. Althea alijua walikuwa na sababu yao. Yeye pia alikuwa na yake: alipata kucheza kila juma na watu wenye nguvu, na muchezo wake ukakomaa.

Mwezi wa 5 mwaka wa 1956, ku Paris, alishinda Angela Mortimer wa Uingereza 6-0, 12-10. Njo mutu mweusi wa kwanza kuchukua moja ya mashindano makubwa mane ya dunia. Ni miaka 27 mbele ya Yannick Noah, mutoto wa baba wa Cameroun, kushinda mu kiwanja kile kile.

Mwaka ule alicheza mechi za wawili wawili pamoja na Angela Buxton, binti Muyahudi wa Uingereza. Wote wawili walikuwa wanajua maana ya kufungiwa mulango wa klabu: mumoja juu ya ngozi, mwingine juu ya taifa lake. Walishinda pamoja ku Paris na ku Wimbledon. Tunaomba mukumbuke jina la huyu Buxton, litarudi.

Tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka wa 1957, siku ya joto kali, Althea alishinda Darlene Hard 6-3, 6-2 ku Wimbledon. Malkia Elizabeth alishuka mu kiwanja, akamupa sahani kubwa ya feza. Siku tano nyuma yake, muji wa New York ulimupitisha mu barabara ya Broadway ndani ya motokari wazi, makaratasi inaanguka toka madirisha kama mvua. Mbele yake, mutu mweusi wa Marekani mwenye alipewa heshima hiyo alikuwa Jesse Owens. Mwaka ule akashinda tena ku Marekani, juu ya Louise Brough, yule yule wa siku ya radi. Mu 1958 akarudia yote mawili, Wimbledon na Marekani. Kwa jumla alichukua vikombe 11 vikubwa: 5 peke yake, 5 na mwanamuke mwenzake, 1 na mwanaume.

Kulikuwa bado mahoteli yenye yalimukatalia chumba mu miaka ile ile.

Sahani ya feza, bila feza

Sasa tufike ku jambo lenye linatusumbua. Althea alipewa sahani ya feza, lakini feza ya kulipa nyumba hakupewa. Ku Paris, ku Wimbledon, ku Forest Hills, mushindi hakulipwa hata kidogo. Sheria ilisema mwenye kucheza mule lazima acheze juu ya mapendo ya muchezo tu. Mutu akipokea malipo, anafukuzwa. Walimulipia safari na chakula, njo mwisho.

Nani aliweka sheria hiyo? Ni watu wenye mashamba na majumba, wenye hawakuwa na lazima ya kufanya kazi ili wale. Kwao kucheza bure ilikuwa heshima. Watu wenye tiketi walilipa ku mulango, viti vilijaa, magazeti yaliuzwa, na feza ile iliingia mu mifuko ya watu. Wachezaji wengine, hasa wanaume wenye majina, walikuwa wanapewa kidogo kwa siri chini ya meza. Lakini binti wa mulima pamba, mwenye wazazi wake walikuwa wanangojea musaada wake, sheria hii ilimufunga mikono. Alikuwa wa kwanza mu dunia yote, na hakuwa na kitu mu banki.

Mwisho wa 1958, akiwa na miaka 31 na nguvu zake bado ziko, aliacha ile tenisi ya bure. Alitaka kulipwa. Wanaume wenye waliacha namna hiyo walikuwa na kundi lao la kuzunguka na kucheza kwa malipo. Kwa wanawake haikuwa karibu na kitu. Alijaribu kuimba, akatoa sahani ya muziki. Akacheza mu filimu moja pamoja na John Wayne. Akafanya kazi ya kutangaza mukate wa kompani moja. Mu 1959 alikodiwa na Harlem Globetrotters, ekipi ya basiketi yenye kuchekesha watu. Kabla ya basiketi walitandika kiwanja cha tenisi pale ndani, na Althea anacheza na Karol Fageros, kila usiku muji mwingine. Hapo alilipwa vizuri. Lakini kiisha akapanga safari yake mwenyewe ya tenisi, watu hawakuja wengi, ile akiba ikaisha, na deni ikabaki.

Juma kwa juma mu golfu

Watu wa Lubumbashi wanajua Golf kama jina la kartie. Golfu yenyewe ni muchezo wa kupiga kampira kadogo na fimbo mupaka kaingie mu tundu. Matundu ni 18, na mwenye kupiga mara kidogo njo anashinda. Mu Marekani ya wakati ule ilikuwa muchezo wa wazungu wenye mali, mu viwanja vyenye watu weusi waliingia paka kwa kubeba mifuko ya wengine.

Althea alikuwa amejifunza golfu akiwa amekwisha kuwa mutu muzima. Mu mwaka wa 1964, akiwa na miaka 37, aliingia mu chama cha wanawake wenye kucheza golfu kwa malipo, mwanamuke mweusi wa kwanza. Wenzake walikuwa wamecheza toka utoto. Yeye alianza nyuma yao karibu miaka 20.

Tueleze namna gani walikuwa wanalipwa, sababu maisha ya Althea yote iko ndani ya hiyo hesabu. Muchezaji hana mushahara. Analipa mwenyewe safari, hoteli, chakula, na haki ya kuingia mu mashindano. Mwisho wa juma, wenye wamefika mbele wanapewa malipo, na wenye wamebaki nyuma wanarudi mikono mitupu. Wachimbaji wa mukono wataelewa mbio: unashuka, unachimba, unapanda, na kama mawe haiko na kitu, juma lote limekwenda bure na deni ya chakula inabaki. Juma lenye linafuata unashuka tena.

Kwa Althea kulikuwa tena mambo ingine. Mu majimbo ya kusini, klabu zingine hazikumutaka hata kidogo. Zingine zilimuacha acheze mu majani, lakini nyumba ya klabu imefungwa kwake. Alibadilisha viatu ndani ya motokari yake. Fikirini mwanamuke mwenye malkia wa Uingereza alimushika mukono, na sasa yuko pembeni ya barabara, mulango wa motokari wazi, anafunga kamba za viatu ili aende kazini.

Alikwenda. Alicheza mashindano 171. Siku zingine alikuwa na nguvu ya ajabu. Kulikuwa viwanja vyenye alivunja rekodi kwa siku moja. Lakini golfu inahesabu siku tatu ao ine pamoja, na siku mubaya moja inakula muzuri mbili. Mwaka wake muzuri ulikuwa 1966, alipofika wa 27 mu hesabu ya wachezaji. Mashindano yake ya karibu ilikuwa mu 1970: walifungana watu watatu ku nafasi ya kwanza, ikabidi wacheze tena kuwatenganisha, na Althea akabaki ya pili. Pale njo alikaribia kabisa, na hakukaribia tena namna ile.

Mupaka alipoacha, mwisho wa 1978, akiwa na miaka 51, hakushinda hata mara moja. Malipo yake yote ya golfu, toka mwanzo mupaka mwisho, haikupita dola 25,000. Ukiigawanya kwa miaka, haifiki dola 1,800 kwa mwaka, na mule ndani bado kuko safari na hoteli za kulipa. Kuko watu wenye kusema golfu ya Althea ilikuwa kupoteza wakati. Hatukubali. Hakuwa anacheza na maisha yake. Alikuwa anatafuta kazi yenye kumulipa mbele ya watu, si chini ya meza. Na kila klabu yenye alifungua mulango wake kwa nguvu, mwanamuke mweusi mwenye alikuja nyuma yake aliukuta wazi.

Mulango umefunguka, yeye amezeeka

Mu mwaka wa 1968 wakubwa wa tenisi walibadilisha sheria. Toka siku ile wenye kulipwa na wenye hawalipwi walicheza pamoja, na mushindi akapewa feza. Wimbledon ya mwaka ule mwanaume mushindi alipata livre 2,000, mwanamuke 750. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa kitu. Althea alikuwa ametoka pale miaka 10 mbele. Alijaribu kurudi, lakini alikuwa amepita miaka 40, na mabinti wa miaka 20 walikimbia kumushinda.

Hakukaa kulia. Alifundisha tenisi watoto wa maskini, akawapelekea nyavu za kubeba mu karatie zenye hazina viwanja. Mu miaka ya 1970 jimbo la New Jersey lilimuweka mukubwa wa mambo ya michezo; aliacha nyuma ya muda mufupi, sababu hawakumupa uwezo wala feza ya kufanya kazi. Akatumika kiisha ku muji wa East Orange, kule kule New Jersey, mu kazi ya michezo ya watu.

Kiisha ugonjwa ukaingia. Damu ilipasuka mu kichwa chake zaidi ya mara moja, na mwili mukubwa ule, wenye ulikuwa unapiga mupira kama mwanaume, ukalegea. Munganga na dawa vinalipwa sana ku Marekani, na yeye hakuwa na akiba. Alijifungia mu nyumba, hakutaka watu wamuone. Mu miaka ya 1990 ilifika siku yenye aliona hakuna njia tena, akapiga simu Uingereza, kwa Angela Buxton, yule mwenzake wa 1956, akamuambia anataka kumaliza maisha yake.

Buxton hakumuacha. Alituma musaada, kiisha akaandika mu gazeti la tenisi kujulisha watu hali ya Althea. Mikanda ikaanza kufika toka inchi mingi, na ndani ya mikanda mulikuwa feza. Kwa jumla ilikaribia dola milioni moja. Mutoto mwenye aliingizwa mu tenisi na muchango wa majirani wa Harlem, uzee wake pia ulishikwa na muchango wa watu. Katikati ya michango hiyo miwili, wenye waliuza tiketi za mechi zake hawakumulipa kitu.

Alikufa tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka wa 2003, ku East Orange, akiwa na miaka 76. Alizikwa ku Orange, karibu na William Darben, bwana yake wa kwanza. Mbele ya kufa aliona Serena Williams kushinda mashindano ya Marekani mu 1999, mwanamuke mweusi wa kwanza kufanya vile toka yeye mwenyewe mu 1958. Mu 2019 walimusimamishia sanamu ku kiwanja kikubwa cha tenisi cha New York. Na mu 2025 serikali ya Marekani ilitoa makuta ya senti 25 yenye sura yake. Uso wake uko sasa ku feza yenyewe.

Wazee wanasema muvumilivu hula mbivu. Althea alivumilia kuliko wengi, lakini mbivu wengine njo walikula. Haina maana uvumilivu ni bure. Bila uvumilivu hangerudi ku banki ya shule na miaka 19, hangebaki mu tenisi ile miaka mitano ya kusimama pahali pamoja, hangefunga kamba za viatu vyake mu motokari ili aende kucheza. Lakini uvumilivu wa mufanyakazi na sheria yenye kumulipa ni vitu viwili, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine.

Mu makambi na mu karatie zetu kuko watoto wenye kucheza vizuri sana, mupira, ngumi, basiketi. Siku moja mutu atafika ku mulango, atamusifu mutoto wenu, atasema anataka kumupeleka mbali. Mumukaribishe, mumupe kiti. Kiisha, mbele ya kumupa mutoto, mumuulize atalipwa ngapi, nani atashika mukanda wa mapatano, na nani atamulipia munganga siku akiumia. Haya si kukosa shukrani. Baba na mama wa Althea, wenye walilima pamba ya mwenyewe, walijua namna gani mwaka wa jasho unaweza kuisha bila kitu mu mukono.